Siku Ambayo Barua Haikuitaja

Barua ya ofisi ya masoko ilifika Jumatatu, na Zabron aliisoma akiwa amesimama kando ya barabara kuu ya Tunduma, mpakani na Zambia, malori ya kwenda Kongo yakiwa yamepanga foleni mbele yake kama kawaida. Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilikubali yote ambayo Kamati ya Dini na Haki ilikuwa imeyadai kwa miaka mitatu. Vizimba vya soko jipya la chakula, nyuma ya maegesho ya malori, vitagawiwa kwa kura ya wazi. Vitagawiwa kwa wanawake wanaopika pale sasa na si kwa mtu mwingine. Kila mmoja ataokota karatasi kwa mkono wake mwenyewe, kitambulisho chake kikiwa mezani. Aya ya pili ilitaja siku: Jumamosi, saa nane mchana, ukumbi wa shule ya msingi.

Zabron alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na alizoea kusoma kitu mara mbili kabla ya kuwa na maoni juu yake. Baada ya mara ya pili alijua tatizo liko wapi. Alijua pia limetoka wapi. Yeye ndiye katibu wa kamati, na barua ya kuomba siku aliiandika yeye. Ilisema: siku yoyote isipokuwa Ijumaa na Jumapili.

Kamati ilikuwa na Wamoravian, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa misikiti miwili, na kwa muda wote huo ilijivunia kwamba hakuna kikao chake kilichowahi kugongana na ibada ya mtu. Wasabato hawakuwa ndani. Kanisa lao lilialikwa mwanzoni, likajibu kwa heshima kwamba halijiungi na umoja wa madhehebu, na tangu hapo hakuna aliyelifikiria tena. Lakini mwenyekiti wa wapishi, Ketrina, ambaye wengi walimwita Mama Angel, alikuwa Msabato. Yeye aliingia kwenye kamati kama mpishi, si kama muumini wa mahali fulani. Kwa hiyo siku yake haikuhesabiwa.

Zabron alimkuta akisonga ugali, khanga ameifunga kifuani juu ya sweta. Ilikuwa Juni na upepo wa Tunduma ulikuwa ukipeperusha vumbi mpaka ndani ya sahani za watu.

"Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kula, au umekuja na sura hiyo tu?"

"Marahaba. Barua imekuja."

"Wamekataa."

"Wamekubali. Kila kitu."

"Sasa uso huo wa nini?"

Akamsomea aya ya pili. Ketrina hakuacha kusonga. Dereva mmoja Mzambia aligonga sahani yake kwenye benchi, akaita, "Bamayo, nshima!" naye akamjibu kwa Kibemba kwamba ugali haujaiva, kisha akarudi kwa Zabron.

"Siku mnaandika nilikuwepo," alisema. "Nilisikia Ijumaa, nikasikia Jumapili. Nikajisemea, Jumamosi serikali imelala. Nani angeitaja?"

"Katibu angeitaja."

"Basi tumekosa wawili. Kaa ule."

Zabron alikaa. Aliuliza ibada ya Jumamosi inaisha saa ngapi. Ketrina alimjibu kwamba ibada ni kitu kingine na Sabato ni kitu kingine. Ibada inaisha watu wakitoka, Sabato inaisha jua likizama.

"Kuokota karatasi ni kazi?"

"Karatasi ya kizimba cha biashara, Mwalimu? Ingekuwa karatasi ya mgonjwa, ungeniona nakimbia."

"Kuna wenzako wangesema huyu ni ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Unamtoa."

"Ng'ombe anatumbukia ghafla," Ketrina alisema. "Huyu wetu katoa taarifa tangu Jumatatu."

Madereva wawili walicheka, ingawa hawakujua habari yenyewe. Ketrina hakucheka. Aliepua sufuria, akaanza kupakua. Mambo yalikuwa wazi kwao wote wawili. Soko likishafunguliwa, Jumatatu ya baada ya kura, sheria ndogo ingeanza kutumika, na mtu yeyote asiye na kizimba angeondolewa barabarani. Ketrina alikuwa amepika mahali pale tangu mume wake alipoondoka kwenda Kitwe na kutorudi. Watoto wake wanne walikuwa wamekula na kusoma kutokana na moto huo, na wawili walikuwa bado wanasoma.

"Jaribu kubadilisha siku," alisema. "Wakikataa, wamekataa. Mimi siji."

Ofisa wa masoko aliitwa Samwel. Alikuwa kijana mwenye adabu, mwenye macho mekundu ya mtu aliyekesha na bajeti. Alimpa Zabron kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua jalada na kuweka mezani barua ya kamati yenyewe.

"Mzee wangu, nimefuata mlivyoandika."

"Najua."

"Siku za kazi zote niko kwenye vikao vya kufunga mwaka wa fedha. Tangazo limeshabandikwa. Nikibadilisha siku, natakiwa kutangaza upya, na tangazo jipya litaangukia Julai. Julai fedha ya kulipia paa imerudi ilikotoka. Unataka hiyo?"

"Hapana. Je, mwenzake anaweza kumwokotea?"

Samwel alimtazama kwa muda. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayekumbushwa kitu cha kuchosha.

"Mwalimu, ni ninyi mlioleta hapa majina ya wapishi hewa. Watu waliopewa vizimba vya soko la zamani bila kuwahi kushika mwiko, kila mmoja ndugu yake kamchukulia. Mlikaa kwenye kiti hichohicho. Mlisema: mtu mwenyewe, au hakuna."

Hilo lilikuwa kweli, na Zabron aliliacha. Aliuliza utaratibu wa asiyeitika ukoje, ingawa aliujua. Samwel alimsomea: jina linawekwa mwisho, linaitwa tena boksi likikaribia kuisha, na asipokuwepo nafasi yake inakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba, ya wapishi waliozidi idadi ya vizimba.

"Naye ni nani?"

"Mmoja anaitwa Loisi. Anapikia kule mwisho wa foleni ya malori. Kaja mwaka jana kutoka Nanyala."

Zabron hakumfahamu. Alishukuru, akatoka.

Alhamisi kamati ilikutana kwenye ofisi ya Mchungaji Gwalugano wa Moravian, chumba chenye viti vingi kuliko nafasi. Ketrina hakuja; alisema hawezi kukaa kwenye kikao kinachomjadili. Zabron alieleza hali ilivyo bila kuongeza wala kupunguza. Watu walikuwa wamechoka. Wengi wao walitegemea kwamba wiki hii itakuwa ya kupongezana.

Aliyeanza ni Zaitun, mama wa Nuria, muuza chapati na maharage, mtu wa Singida aliyeishi Tunduma muda mrefu kuliko wenyeji wengi wa mtaa huo.

"Jua linazama saa ngapi mwezi huu?"

"Saa kumi na mbili na nusu, inapita kidogo," Zabron alisema.

"Tunaanza saa nane. Sasa mimi nauliza tu. Kuna sheria gani inasema mtu aokote karatasi haraka?"

Mchungaji Gwalugano alikunja uso. "Mama Nuria, hiyo ni hila."

"Hila ni uongo, Mchungaji. Mimi sijasema tudanganye. Nimesema tusikimbie."

"Tuna desturi ya kufungua kwa sala mbili," alisema Ustadh Abdulrahim, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na tasbihi mkononi. "Ya kwenu na ya kwetu. Hakuna aliyewahi kuipima sala urefu. Halafu kuna alasiri, tutatoka, tutaswali, tutarudi. Halafu kuna kutazama ramani. Mtu ana haki ya kuitazama ramani."

"Na jua likizama?"

"Jua likizama kwetu ni magharibi, tunaadhini. Kwake yeye ni mwisho wa Sabato. Ni jua lilelile, Mchungaji. Halina dhehebu."

Watu wakacheka, na kicheko kikawasaidia kukubaliana. Ilipangwa kwamba Athuman, shemeji yake Zaitun mwenye bodaboda, asubiri nje ya kanisa la Wasabato kuanzia saa kumi na mbili. Mchungaji alisema hatatoa amri kwa mtu yeyote kuchelewa, lakini pia hatamkataza. Hakuna aliyeuliza kuhusu orodha ya akiba. Zabron alikuwa na jina la Loisi kwenye karatasi yake, na kwa kuwa halikuulizwa, halikutajwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa mapema. Wapishi walikaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakigusa mbao. Wa akiba walikaa kwenye mabenchi ya ukutani. Ramani ya soko ilibandikwa kwenye ubao kwa gundi ya karatasi, na boksi la kura lilikuwa boksi la sabuni lililokatwa tundu juu. Samwel alikuja na koti zito na chupa ya chai.

Mchungaji Gwalugano alijulikana kwa sala fupi. Wazee wa kanisa lake walimpenda kwa sababu hiyo. Siku hiyo alisimama, akafumba macho, akaombea wapishi, akaombea serikali, akaombea madereva na familia zao huko waliko, akaombea mvua ya msimu ujao na kahawa ya Mbozi, akaombea amani ya Kongo, kisha akakwama. Ulikuwa ukimya mrefu. Mtu mmoja alidhani amemaliza akasema amina. Mchungaji alisema, "Bado," akaombea matairi.

"Matairi?" Enesi, mpishi mmoja wa upande wa dirishani, alimnong'oneza jirani yake.

"Yanapasuka, dada. Acha yaombewe."

Ustadh Abdulrahim hakukwama. Alisoma dua kwa Kiarabu, akaitafsiri, akaeleza sababu ya kuisoma. Kisha zikaja salamu za kila kundi. Samwel alikunywa chai, akaitikia kila salamu, na hakutazama saa hata mara moja. Zabron aliliona hilo na halikumpa raha. Mtu asiyetazama saa ameshaelewa.

Majina yaliitwa kwa herufi. Aliyeitwa alikwenda mezani, akaonyesha kitambulisho, akaenda kwenye ubao, akauliza kuhusu maji, akauliza kuhusu moshi, akauliza mlango utafungwa na nani, akarudi, akaingiza mkono. Enesi alipoitwa alikwenda moja kwa moja, akaokota, akataja namba yake, akachukua mkoba.

"Angalau tazama ramani, mwenzetu," Zaitun alimwambia kwa sauti ya chini, akimshika mkono.

"Niachie. Mtoto wangu ana homa nyumbani. Namba nimepata, ramani nitaitazama nikiwa ndani yake."

"Mama Angel alikutetea wewe ulipovunjiwa kibanda."

"Na Mungu atamlipa. Mimi nina kidonge cha kumpa mtoto." Akatoka.

Baada yake mwendo ulibadilika. Si kwamba watu waliamua kumwacha Ketrina. Walikuwa na baridi, walikuwa na watoto, walikuwa na moto walioacha bila mwangalizi mzuri. Ramani ilitazamwa kwa kifupi zaidi. Jina la Ketrina liliitwa mahali pake kwenye herufi, hakuna aliyeitika, na Samwel aliliandika mwisho bila kusema kitu. Kwenye mabenchi ya ukutani mwanamke mmoja mwembamba, mwenye kilemba cha kijani na ndoo ya plastiki kati ya miguu yake, aliinua kichwa. Zabron alijua huyo ndiye Loisi.

Wakati wa alasiri Waislamu walitoka, na wengine wote waliwasubiri, kama ilivyokuwa desturi ya kamati. Loisi alisogea mpaka kwenye kiti cha Zabron.

"Shikamoo, Mwalimu. Hivi huwa mnaomba hivi kila mara, au leo kuna mgeni?"

"Marahaba. Ni desturi yetu kuomba."

"Kanisani kwetu pia tunaomba. Tuko wachache, tunapanga ile stoo nyuma ya mashine ya kusaga. Tunaomba sana, lakini kwa matairi bado."

Loisi hakuwa akitafuta ugomvi. Alizungumza kama mtu anayehakikisha hesabu aliyokwisha kuifanya.

"Yule aliyekosekana ni mwenyekiti wenu. Msabato. Kule mwisho wa foleni habari zinafika, ila zinachelewa. Mnamngojea jua."

"Ndiyo," alisema Zabron.

"Na asipofika, nafasi ni yangu."

"Ndiyo."

"Asante kwa kutonidanganya," Loisi alisema, akarudi kwenye benchi lake.

Zabron alibaki na uso wa mwalimu, ambao ulikuwa umemsaidia katika mambo mengi. Alijaribu kupima. Ketrina alikuwa amekaa pale miaka mingi zaidi, na bila yeye kusingekuwa na kura. Loisi alikuwa mjane, kwa maelezo yaliyokuwa kwenye fomu yake, na watoto wake walikuwa wadogo kuliko wa Ketrina. Utaratibu haukusema lolote kuhusu aliyestahili zaidi. Ulisema aliyekuwepo. Kamati yenyewe ndiyo iliyoutaka useme hivyo, kwa sababu kila mara utaratibu ulipozungumzia anayestahili, aliyestahili alikuwa ndugu wa mtu.

Waliporudi, majina yaliyobaki hayakuwa mengi. Jua lilikuwa bado juu ya bati la madarasa ya upande wa Zambia. Mwisho wa herufi alibaki Zaitun peke yake, na ndani ya boksi zilibaki karatasi mbili.

Zaitun alikwenda kwenye ubao. Aliuliza kuhusu mtaro. Samwel alimjibu. Aliuliza kuhusu vyoo. Aliuliza mabati ni ya geji gani, bomba la moshi litatokea wapi, na wanyama wanaopita na malori ya mifugo watapita upande gani. Samwel alijibu kila swali kwa ukamilifu, mikono ikiwa mifukoni mwa koti. Dirishani mwanga uligeuka rangi ya chungwa, kisha ukaanza kufifia.

"Na kunguni?" Zaitun aliuliza.

"Kunguni, mama?"

"Nauliza kama kuna mpango."

Hapo ndipo Loisi aliposimama. Hakupaza sauti.

"Mama Nuria," alisema, "okota karatasi yako. Mimi nimekaa hapa tangu saa nane, na sijala."

Zaitun aligeuka, na ilionekana kwamba ndiyo mara ya kwanza anamtazama mtu wa mabenchi ya ukutani. Alimtazama Zabron, na Zabron hakumpa ishara yoyote. Zaitun alikwenda mezani, akaingiza mkono, akatoa karatasi, akataja namba. Ilibaki moja.

Samwel alisimama.

"Nawaambia kitu kimoja, kisha namalizia," alisema. "Mimi nimeelewa tangu sala ya kwanza. Nimekaa kwa sababu utaratibu unasema nisifunge mpaka boksi liishe. Si kwa sababu nyingine. Sasa naita kwa mara ya mwisho." Alishika orodha. "Ketrina Simkonda."

Loisi alikuwa bado amesimama. Aliinama akaishika ndoo yake.

Samwel alifungua mdomo kuita tena, na msikiti ulio nyuma ya shule ukaanza kuadhini.

Hili halikupangwa na mtu. Kwenye vikao vya kamati watu wote walinyamaza adhana inapolia, Wakristo kwa Waislamu, mpaka iishe, na Samwel, aliyehudhuria vikao hivyo mara nyingi akiwa upande wa pili wa meza, alifunga mdomo kwa mazoea. Akabaki na orodha mkononi. Muadhini alikuwa mzee na hakuwa na haraka. Kabla hajamaliza, pikipiki ilisikika uwanjani, ikazimwa, na Ketrina akaingia na gauni lake jeupe la kanisani na kitambulisho mkononi. Nyuma yake Athuman alikuwa akieleza kwa mtu aliye nje kwamba almanaka yao ya saa za jua kuzama iko ukutani, saa ilipotimia walifunga kwa wimbo mmoja tu, kwamba watu wale wana nidhamu ya ajabu.

Ketrina alisubiri adhana iishe. Akaenda mezani. Samwel alitazama kitambulisho, akamtazama yeye, akasogeza boksi. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya kizimba kilichopakana na mtaro, mbali na lango. Aliitaja namba kwa sauti. Wapishi waliobaki walipiga makofi, si mengi, na wengi wao walikuwa tayari wanavaa viatu.

Samwel alimwomba Zabron asaini muhtasari. Zabron aliusoma mara mbili. Kila kilichoandikwa humo kilikuwa kweli. Akasaini.

Nje kulikuwa na giza la mapema na baridi ya kweli. Loisi alikuwa amesimama karibu na lango la shule akijifunga khanga ya pili mabegani. Ketrina alikwenda mpaka alipo, na Zabron, aliyekuwa na safari ya njia hiyohiyo, hakuweza kupita bila kusimama.

"Wameniambia sasa hivi," Ketrina alisema. "Sikujua kwamba kuna mtu amesimama mahali pangu."

"Si mahali pako, si pangu. Ni pa aliyekuwepo. Umekuwepo."

"Pole, mwenzangu."

"Usinipe pole, Mama Angel. Wewe umeshika siku yako, hukumkosea mtu. Waliochelewesha ni hawa." Akamwonyesha Zabron kwa kidevu, bila chuki. "Nao walikuwa wanamtetea mtu wao. Mimi ningekuwa na watu, wangenichelewesha pia."

"Kizimba ni kikubwa," Ketrina alisema. "Wanaruhusu msaidizi. Njoo tupike wote."

"Nikuoshee sufuria?"

"Upike. Na sufuria tutaosha wote."

Loisi alifikiri. Alikuwa na namna ya kufikiri inayoonekana usoni, kama mtu anayepanga mizigo.

"Jumamosi unafunga."

"Nafunga."

"Basi Jumamosi nitapika chungu changu. Kizimba kitakuwa wazi, nami niko pale. Siku zingine nitakuwa msaidizi wako, Jumamosi nitakuwa mimi."

Zabron aliona Ketrina akitafuta njia ya kukubali. Aliitafuta kwa uaminifu, na hakuipata.

"Ukiwa msaidizi wangu, Jumamosi wewe pia unapumzika," alisema mwishowe. "Amri haikunitaja mimi peke yangu. Imemtaja na anayenifanyia kazi. Siwezi kufunga mkono mmoja nikafungua mwingine."

"Nisiwe msaidizi wako, basi. Nikae Jumamosi tu, kama jirani."

Ketrina alimtazama Zabron, na Loisi naye akamtazama.

"Kizimba kimoja, mpishi mmoja," Zabron alisema. "Hakipangishwi, hakiazimwi, hata kwa siku moja. Ni kifungu tulichokiweka sisi. Bila hicho, baada ya mwaka vizimba vyote vinakuwa mikononi mwa watu watatu tu."

"Hicho ni kweli?" Loisi alimuuliza Ketrina.

"Ni kweli. Nilikipigia kura."

"Ninaweza kupeleka ombi kwenye kikao," Zabron alimwambia Loisi. "Alhamisi. Kanisa lenu nalo linaweza kuandika barua ya kuingia kwenye kamati. Nitakusaidia kuiandika."

"Alhamisi," Loisi alisema. Hakuwa akimdhihaki. "Mwalimu, Jumatatu wanaanza kuondoa watu barabarani. Jumatatu nipikie wapi?"

Malori yalianza kusogea barabarani, moja baada ya jingine, hatua chache tu, kisha yakasimama. Mtu alipiga honi na mwingine akamtukana kwa lugha ya mbali. Zabron alitafuta ndani ya kanuni zote alizoziandika kwa mkono wake, na kila aliyoikuta ilikuwa na sababu nzuri.

"Njoo kizimbani," Ketrina alisema. "Jumatatu. Njoo na chungu chako."

"Nije kama nani?"

"Sijui bado. Njoo."

Loisi alimtazama Zabron, akisubiri. Katibu alikuwa na wajibu wa kukataza hapo, na wote watatu walijua ni kwa kifungu gani. Zabron alivuta kola ya koti lake juu, akasema upepo umekuwa mkali, akawatakia usiku mwema.

"Nitaangalia," Loisi alimwambia Ketrina. Akaiweka ndoo kichwani, akashuka kuelekea mwisho wa foleni, ambako alikuwa bado na maharage motoni.